Katoto ka Wodini

Gacheri uko? Sikia ya leo kazini.

Nilikuwa napiga deki wodi ya watoto, Daktari Riungu akasimama mbele yangu: "Ntinyari, wacha mopu. Kaoge, urudi ufungue vifungo vya blauzi."

Vifungo! Mbele ya manesi! Nikashika ile mopu kama rungu.

Kumbe ni katoto kamezaliwa kabla ya wakati. Mama yake bado anashonwa baada ya upasuaji, mashine za joto zimejaa, manesi wamelemewa.

"Kanapoa," daktari akasema. "Kanataka kifua cha mtu. Hata mimi nilizaliwa natoshea kwa sufuria. Shangazi alinibeba hivyo huko Githongo mpaka nikanenepa."

Wakakalaza juu yangu, ngozi kwa ngozi. Woi, kalikuwa baridi! Sikusonga, hata kukohoa niliogopa. Polepole kakapata joto, kakanishika kidole. Gacheri, kakanishika kidole!

Halafu nyanya yake akaingia, tayari anafungua sweta. "Asante mama. Sasa lete mtoto wetu."

Wetu. Nikampa, ni wao.

Saa hii niko kwa chumba changu Majengo. Nimejifunika blanketi mbili, lakini pale kalikuwa kamelala ndipo baridi inaingilia.