Kamba Zenye Ulikaza Wewe

Papa,

Nimelegeza kamba za gitare yako. Usinikasirikie mbele ya kusikia yote.

Toka siku tulikuzika, Mama aliitundika ku kibambazi, ku ukuta ya salon, akakataza kila muntu kuigusa. "Kamba alikaza yeye mwenyewe," alisema. "Mikono yake iko bado pale." Hata balongo, ndugu zako benye kutoka Lukafu, banaiangaliaka tu, mikono nyuma. Mi pia sikubisha. Ulinifundisha kazi yako ya kutengeneza magitare: kulainisha mbao na rabo, kupasha moto kole ya kubandikia, kubandika mbao yenye kupasuka mupaka ufa upotee. Lakini namna yako ya kuakorde, ya kupatanisha sauti ya kamba, ile ulikatala. "Yako utaitafuta wewe mwenyewe," ulikuwa unasemaka, na kile kicheko chako. Aa, Papa, ulikuwa na kichwa ngumu! Basi akorde yako ilibakia tu mu zile kamba sita.

Kisha kiangazi ikafika, miezi bila mvua, na ile baridi yenye kukausha kila kitu huku kwetu Annexe. Siku moja, kupangusa vumbi, niliona kale kabao kenye kushika kamba kameanza kunyanyuka, kamba zinakavuta. Kuacha vile, tumbo ya gitare itapasuka. Kulegeza, mikono yako inapotea. Nikagusa kamba moja polepole, nikasikia sauti mubaya: zilishashuka zenyewe, zamani. Kitu chenye Mama alikuwa analinda hakikuwa pale tena. Nilikosa nguvu ya kumuambia. Nilimuambia tu juu ya kupasuka.

"Legeza, lakini mi sitaangalia," alisema, akaenda jikoni kusonga bukari, ugali yetu.

Nililegeza. Nililia, Papa, sikufichi. Siku yenye kufuata nilikwangua kole ya zamani, nikabandika kabao, nikakaza na serre-joint, ile chuma ya kubanisha mbao, nikaacha ikauke muzuri, juu haraka ilikuwa inakukasirishaka. Nikaweka kamba za mupya, nikaakorde sawa vile bantu bote banafanyaka.

Nikapiga kidogo. Mama akatokea ku mulango, mwiko mu mukono. Mama, mwenye hajashika gitare hata siku moja!

"Hapana. Ile umepiga sasa iko juu sana. Shusha."

Nikashusha.

"Bado."

Nikashusha tena.

"Umepitisha. Pandisha kidogo... Apo njo yake."

Akakaa chini, akalia na mwiko wake. Kumbe miaka yote alikuwa anakusikiliza kutoka jikoni, na sisi bawili, bafundi bakubwa, hatukujua. Bukari iliungua chini, tukaikula vile vile.

Sasa Mama anazeeka, Papa, sikio moja imeanza kumutupa. Ninakuahidi: kila siku ya Mungu, tukitoka ku misa, nitalegeza kamba zote mbele yake na kuzikaza tena, naye anikosoe, mupaka siku nitaipata akorde yako bila yeye kufungua kinywa.

Lala muzuri. Wewe tulikuacha uende. Hii hatutaiacha.

Mutoto wako,
Godelive