Kwa Ermes, Pamoja na Neno Kuhusu Jina la Tecla

Mwaka umetimia leo, Ermes, tangu ulipoegemea meza ya jikoni ukasema, "Nipeni dakika moja," usiinuke tena. Ilikuwa Jumanne ya Februari. Frico, ile chapati ya jibini na viazi, ilikuwa bado kikaangoni, jibini limeanza kushika rangi pembeni, na mkeo Onorina alidhani unamtania, kwa sababu ulikuwa na tabia ya kumtania kila unaposikia njaa.

Dada yako Dorina ndiye anayeshika kalamu. Onorina anasema mwandiko wake hausomeki, lakini amesimama hapa hapa kando ya meza, anapiga pasi shuka zisizo na kunyanzi hata moja, na kila mstari anauliza, "Umeandika nini hapo?" Ukikuta neno kali humu, ujue limetoka upande wa pasi.

Tunakukumbuka kwa kazi yako. Hakuna jiko la kuni humu bondeni usilolijenga, usilolifungua au usilolitukana. Kila Oktoba, kabla baridi haijaanza, ulikuwa ukipanda juu ya mapaa ya wajane bila kuitwa, unazibua dohani zao na kushuka mweusi kama chungu, halafu unakataa kahawa kwa kuogopa kuwachafulia vikombe. Wajane hao walikulilia makaburini kwa sauti kubwa kuliko tulivyotegemea. Onorina aliwahesabu mmoja mmoja, ila hao hakuwaonea wivu. Wivu wake ulikuwa umeshapata pa kukaa siku nyingi.

Tunakukumbuka pia kwa sauti yako. Si kwamba ilikuwa nzuri. Maestro Ilario mwenyewe, kiongozi wenu wa kuimba, alisema inalia kama mlango wa ghala. Lakini ilikuwa haitikisiki. Katika kile kikundi chenu cha waimbaji saba, mliokuwa mkizunguka makanisa ya mawe ya huku milimani na kuimba nyimbo ambazo watawa waliziandika miaka mia saba na zaidi iliyopita, wenzako walipanda na kushuka kama mbayuwayu, na wewe ulibaki chini na nota moja. Moja tu, wimbo mzima.

"Ermes hajui wimbo," walikuwa wakikutania pale baa. "Anajua nota."

Nawe ulikuwa ukiwajibu, "Haya, ng'oeni ukuta wa chini, tuone kama paa litabaki juu," kisha unaagiza glasi nyingine ya divai nyeupe.

Ila nota ile haikuwa yako peke yako, na hapo ndipo maneno yalipoanzia. Hakuna binadamu anayeweza kushikilia sauti dakika sita bila kuvuta pumzi. Kwa hiyo wanaoishikilia huwa wawili. Mmoja akikaribia kuishiwa, mwenzake ameshajaza mapafu, anapokea, na msikilizaji hajui kama kuna mtu aliyenyamaza. Hawatazamani wala hawapeani ishara. Kila mmoja anaijua pumzi ya mwenzake. Na mwenzako, kwa miaka ishirini na miwili, alikuwa Tecla wa duka la mikate, ambaye sauti yake ni nzito kuliko ya wanaume wengi.

Onorina alikuja kuwasikiliza mara moja tu, miaka kumi na moja iliyopita, kwenye kanisa la Mtakatifu Martino. Alikaa benchi la pili. Watu wengine walifumba macho kwa utamu wa nyimbo zile, yeye aliyakodoa. Aliona kifua chako kikishuka na cha Tecla kikipanda, cha Tecla kikishuka na chako kikipanda, kama mvukuto wa mhunzi. Njiani kurudi, mlipofika darajani, alisimama.

"Ermes," akasema, "mimi nikiongea nawe, kila sentensi tunadakizana. Huyu mmekaa naye saa nzima hamjagongana hata mara moja."

Wewe ukacheka. Usingecheka, ndugu yetu. Hakuja tena kuwasikiliza, na kila Alhamisi ulipotoka kwenda mazoezini alikuwa akikufungia mlango kwa nguvu kiasi cha kutikisa vyombo kabatini.

Dorina alijaribu kumtuliza kwa utani. "Wifi, yaani Tecla umeshamfanya mke mwenza?"

"Mke mwenza angalau zamu yake inajulikana," akajibiwa. "Huyu zamu yake sijui inaanzia wapi wala inaishia wapi."

Tuseme wazi, kwa kuwa karatasi hii itasomwa na watu: hapakuwa na jambo lolote kati yako na Tecla. Bonde zima linajua, na Onorina anajua kuliko bonde. Angekuwa na jambo la kushika mkononi angekupasulia kichwani akamaliza, mkala chakula cha jioni. Kilichomtafuna ni kwamba hapakuwa na cha kushika.

Wiki moja baada ya mazishi alikikuta kitabu chako cha nyimbo ndani ya koti la kazi. Akaketi nacho. Juu ya nota zako, ukurasa hadi ukurasa, ulikuwa umeandika kwa penseli herufi moja ndogo: t. Hapa t, pale t, mahali pengine tatu kwenye mstari mmoja. "Kikulacho ki nguoni mwako," akamwambia Dorina, akavaa viatu, akaenda dukani kwa Tecla saa mbili asubuhi, saa ambayo foleni ya mikate inafika nje.

"Tecla, hiki ni nini?"

"Ni kitabu cha Ermes."

"Najua ni cha Ermes, nimekitoa kwenye koti lake. Nakuuliza hii herufi. Nimehesabu mia mbili na nne, halafu macho yakaniuma. Haya niambie, nani mwingine bondeni humu jina lake linaanza na t?"

Foleni ikasogea karibu. Mama mmoja aliyekuwa ameshalipa na kupewa mkate wake hakuondoka.

Tecla akajifuta unga mikononi, akakitazama kitabu bila kukigusa. "Onorina, hiyo ni ya watawa. Wao ndio walioanza kuiandika juu ya nota. Ni kifupi cha neno lao la Kilatini, maana yake shikilia, usiiachie hapo. Muulize Ilario. Kila anayeimba nyimbo hizi anaijua."

"Shikilia."

"Ndiyo, shikilia. Alama zangu ni hizi hapa, hivi vimkia vidogo kama vya panya. Hivi vinaonyesha yeye anavuta pumzi wapi, ili mimi nisivute."

Nyuma kwenye foleni mtu alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko. Kabla ya saa sita mchana kisa kilikuwa kimefika mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto, na Onorina alikula polenta ya kuchoma, ule ugali wa mahindi, siku tatu kwa kukwepa duka la mikate.

Tulidhani angepata nafuu. Wapi! "Afadhali lingekuwa jina," alimwambia Dorina. "Jina ningechukua kifutio nikalifuta. Pumzi nitaifutaje? Miaka thelathini na moja nimempikia, nimemfulia masizi, nimemkata kucha za miguu alipoumia mgongo, na sikuwahi kujua anavuta pumzi lini. Yule ameandikiwa kabisa!"

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Wiki tatu zilizopita Tecla alibisha hodi akiwa na gubana ya moto, ule mkate mtamu wa zabibu kavu, ameifunga kwa kitambaa. Hakukaa.

"Nasikia mnaandaa karatasi ya kumbukumbu," alisema.

"Tunaandaa."

"Naomba jina langu liwemo, Onorina. Mwishoni kabisa. Sihitaji maelezo."

"Tecla, ile ni karatasi ya familia. Inabandikwa mlangoni mwa kanisa, chini ya picha yake. Watu wakikuona humo watasema nini?"

"Watasema wanachosema miaka yote."

"Na kina Ilario wanataka majina yao pia? Tuandike kwaya nzima, tuongeze na mpiga kengele?"

"Wao hawajaomba. Wao wanaimba." Akakaza fundo la kitambaa. "Mimi sijaimba tangu azikwe. Nimejaribu na Ilario, nimejaribu na mwenzetu mmoja fundi seremala, tunagongana tu. Siku ya mazishi nilisimama nyuma kabisa na wateja wangu. Sina mahali, Onorina. Si mjane, si dada, si chochote."

"Hapana," Onorina akasema, akaipokea gubana.

Tuliila, hatutakudanganya. Onorina alikula vipande viwili kwa hasira. Mwanao Nevio alipopata habari alipiga simu kutoka mjini Udine. "Mama, si ni jina tu?"

"Na baba yako alikuwa akisema ni nota tu," Onorina akamjibu, akakata simu.

Jumamosi iliyopita kikundi kiliimba kwa ajili yako, kwenye kanisa lile lile la Mtakatifu Martino. Ilario alikuwa amembembeleza Tecla mpaka akakubali kusimama tena, na akakubali kuishikilia nota peke yake. Onorina aliapa kwamba hataenda. Saa tisa na nusu alasiri tukamkuta anafunga vifungo vya koti.

"Naenda kuangalia kama jiko la kanisani linatoa moshi," alisema.

Kanisa lile halina jiko, unajua mwenyewe, ulililalamikia maisha yako yote.

Tukakaa benchi la nyuma. Tecla alisimama mahali pake, na mahali pako kando yake palikuwa patupu. Akaanza. Wenzake wakapanda juu ya sauti yake kama zamani, na kwa muda tulisahau kwamba hupo. Kisha pumzi ikamwisha. Ilario na wenzake walikuwa wamekubaliana kwamba asitokee mtu wa kumpokea, na hakuna aliyempokea. Chini hapakuwa na kitu. Zile sauti za juu zilibaki zikielea, nyembamba, zinatia hofu, mpaka Tecla alipojaza mapafu na kurudi. Baada ya muda ikamwisha tena. Kila mtu aliyekuwa mle ndani alisikia ulipokuwa unakaa.

Pengo la kwanza, Onorina alimshika Dorina mkono. La pili, akamtia kucha. La tatu lilipofika tukasikia mtu anavuta pumzi kwa kishindo, kama aliyeibuka kutoka majini, na watu wa mbele wakageuka kutazama. Alikuwa ni yeye. Alikuwa ameshikilia pumzi tangu Tecla aliporudi baada ya pengo la pili, bila kujijua, na ilimwishia pale pale ilipomwishia Tecla.

Nje, kwenye ngazi zenye theluji, alilia kwa hasira, kwa namna ile yake ya kumlaumu aliye karibu. "Mwaka mzima nimelala na lile pengo nikidhani ni langu peke yangu," alisema. "Kumbe hata hilo nagawana naye!"

"Twende nyumbani, wifi. Utaugua."

"Mwandike."

"Nani?"

"Usinilazimishe kulitaja jina lake hapa nje, watu wanatoka. Mwandike. Lakini baada ya mbwa."

Asubuhi hii, kabla ya kupeleka karatasi kwa mchapaji, tumemuuliza kama amebadili nia. Ameiweka pasi chini kwanza. "Wivu ninao bado," amesema. "Hilo nalo liandike, Ermes alijue. Nitakuwa nao mpaka nilazwe kando yake." Basi tumeliandika kama alivyosema.

Wanaokukumbuka ni mkeo Onorina, wa kwanza, kama alivyoagiza, mwanao Nevio na mkewe Loretta, mjukuu wako Irma, aliyezaliwa Mei, ambaye hukumwona, dada yako Dorina, mbwa wako Moro, anayelala juu ya viatu vyako vya kazi na haturuhusu kuvitoa, na Tecla.

Kukusahau hatuwezi, Ermes, wala hatujajaribu.