Asumini za Bustani ya Qurum

Mjukuu wangu Nasra,

Sisi huku Maskati wazima, na babu yako goti limepoa. Picha uliyonitumia ya miti ya huko ugenini inayopukutika majani nimeiona. Umeniuliza kama na mimi nlikuwa mpweke nlipohamia huku.

Sana, mwanangu. Nlikuwa bi harusi, Kiarabu sikijui, nshaamua kurudi Unguja. Joto lilipopungua, babu yako akanipeleka bustani ya Qurum. Nikainamia asumini, harufu ya kwetu ikanijaa. "Mama yangu wee!" nikalia.

Bibi mmoja akageuka. "Kumbe mtu wa kwetu! Njoo ukae, mwanangu."

Tukazungumza mpaka magharibi. Mama yako alipozaliwa, mikono ya yule bibi ndiyo iliyompokea.

Mungu akukutanishe na watu wema.

Bibi yako, Zuwena