Yule wa Salamu

Kitengela,
Jumapili, 16 Mei 2004.

Kwa wifi yangu mpendwa Soipan,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu Kitengela, zikukute mzima wewe, kaka yangu Mwololo na mtoto wetu Mumo. Sisi huku ni wazima. Mama yuko, mguu unamsumbua asubuhi tu, na bado anagombana na kuku wa jirani. Mvua imenyesha ya kutosha, na ile njia ya kuingia kwetu imekuwa bwawa. Juzi niliivuka nikiwa nimeshika viatu mkononi kama mtoto wa shule. Je, huko Illasit vitunguu vimekubali? Na Mwololo ameacha kulalamika mgongo? Mwambie dada yake anasema mtu aliyebeba mawe ya machimbo miaka yote ile hawezi kushindwa na vitunguu.

Najua umeshtuka kumwona dereva wetu Parsaoti mlangoni na barua mkononi, badala ya kuipata posta kama kawaida. Mkaribishe, mpe chai. Usimuulize kitu. Nimemwagiza asiondoke hapo mpaka uisome yote, na kwa vile nakujua, wifi, tafadhali usirukie ukurasa wa mwisho. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwenu habari zina mpangilio wake, na leo nataka nikuandikie kwa mpangilio wenu.

Kazini ni vilevile. Ile meza yetu ya simu bado inayumba, redio bado inakohoa kabla ya kusema, na ambulansi ni ileile moja inayoamka kwa kusukumwa. Watu bado wanatuelekeza kwa vitu ambavyo havipo. Wiki jana mama mmoja aliniambia gari likate kona pale palipokuwa na duka la Simel, na duka la Simel liliungua kabla mimi sijaanza kazi. Gichuru wa machimbo naye alipiga akilia kwamba ameangukiwa na jiwe, nikamuuliza ni wapi panauma, akasema jiwe limeangukia baiskeli lakini yeye ndiye anayeumia. Nilimtukana kidogo, Mungu anisamehe, halafu nikacheka mpaka jioni. Siku nyingine hakuna cha kuchekesha. Mwezi wa tatu lori na gari la abiria viligongana barabara ya Namanga, na aliyenipigia alikuwa amebanwa ndani, simu ya mkononi sikioni, akiniuliza kwa upole kama watu wake watajua amevaa shati gani. Bado namsikia nikipiga pasi.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza? Mzee mmoja alipiga kutoka upande wa Isinya, akaanza na ng'ombe kwamba hawajambo, mbuzi hawajambo, mvua imeonekana upande wa Kajiado, watoto hawajambo. Nikadhani anatafuta mtu wa kupiga gumzo, nikataka kukata. Ulininyang'anya simu. Ukamwitikia salamu moja baada ya nyingine bila haraka, na mwishoni akasema, lakini kijana wake amegongwa na gari na amelala kando ya barabara. Ulipokwisha kumtuma Parsaoti ulinigeukia ukaniambia kwamba Mmaasai hutanguliza mazuri, ubaya hukaa nyuma ya neno lakini, na anayekata simu kabla ya lakini ameua mtu. Nilikuchukia siku nzima kwa kunisema mbele ya watu. Tangu hapo sijawahi kumkata mtu akinisalimu.

Sasa nije kwa lile uliloniuliza. Katika barua yako ya Februari uliandika kwamba hulali, kwamba hata kengele ya shule ikilia unaruka kutafuta simu, na ukaniuliza jambo moja tu: yule wa Alhamisi alipatikana, au tulimwacha akafa? Nilichelewa kujibu kwa sababu wakati ule nilikuwa sijui. Leo najua, na utajua.

Hizo simu nazikumbuka vizuri. Zilikuja kwa ile simu ya mezani isiyoonyesha namba, kila Alhamisi jua likiwa la utosi. Ukiinua, hakuna anayesema. Kengele za mbuzi kwa mbali, punda, na pumzi ya mtu. Mimi nilisema ni watoto wanacheza. Wewe ulisema hiyo ni pumzi ya mwanamke, na mwanamke asiyeweza kusema yuko katika shida kubwa, labda amefungiwa, labda koo limeziba. Ukaanza kumwamkia kwa Kimaasai, takwenya yeyo, ukingoja aitikie kwa lile neno lao iko kama ilivyo desturi, na yeye haitikii. Kwa kuwa hukutaka akate, ulimpa habari zako mwenyewe ili ajue hayuko peke yake. Kila Alhamisi, mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nakaa kando nikila muhogo na kukusikia ukimwambia kwamba unatapika asubuhi, kwamba umejifungua mtoto wa kiume, kwamba ameota jino, kwamba alikuwa na malaria na sasa amepona. Halafu simu inakatika, na wewe unabaki umeishika.

Mara mbili ulituma gari kwa kubahatisha, na mara mbili mkubwa wetu alikufokea kwa sababu ya mafuta. Ulikonda wifi. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, lakini wewe ulikuwa unashtuka hata mtu akiweka kikombe mezani. Mwololo alipoamua mhamie Illasit mkalime, nililia kwa kukukosa, ila moyoni nilimshukuru, kwa sababu tulikuwa tunakuona ukiisha.

Ulipoondoka, Alhamisi zikawa zangu. Simu ikilia mchana ule nilijibu kama ninavyojibu watu wote: ambulansi, sema. Ikakatwa papo hapo. Alhamisi iliyofuata vivyo hivyo. Ilikuwa hivyo mpaka Machi, ndipo siku moja haikukatwa. Sauti ya mama mzee, Kiswahili chake cha kuokoteza, ikaniuliza yule wa salamu yuko wapi. Nikamwambia yule wa salamu ni wifi yangu, ni mzima, amehamia Illasit, na mtoto wake sasa anakimbia. Mama yule akalia hata nikatoa simu sikioni. Kisha mwingine akaishika, akajitambulisha kuwa Waruguru, mwenye duka na simu ya kulipia pale Oltepesi, akasema kama ninamjua huyo msichana, nifanye hima nije.

Oltepesi, wifi. Ulipotoka kwenu hapakuwa na simu hata moja, ndiyo maana naamini hukuwaza. Au uliwaza ukaogopa, sijui.

Nilienda na Parsaoti siku yangu ya kupumzika. Yule mama alikuwa amesimama nje ya duka na kibuyu cha maziwa, na nilimjua kabla hajafungua mdomo, kwa sababu ana paji lako la uso na anaegemea mguu mmoja kama wewe ukicheleweshwa. Yule uliyekuwa unamtafuta kila Alhamisi ni yeyo wako. Ni mama yako mzazi.

Alinisimulia yote tukiwa tumeketi juu ya magunia ya Waruguru. Ulipoolewa na kaka yangu, Mkamba asiye na ng'ombe hata mmoja, baba yako alisema jina lako lisitajwe tena bomani kwake, kama yasivyotajwa majina ya waliokufa. Likaacha kutajwa. Halafu mwaka mmoja jirani yao aliumwa na nyoka, na Parsaoti akaja kumchukua. Wakati wanaume wanampakia mgonjwa, redio ya gari ilikohoa, na sauti yako ikamuuliza Parsaoti amefika wapi na mgonjwa anapumua vipi. Yeyo alishika mlango wa gari. Hakumuuliza Parsaoti kitu, na Parsaoti hakumjua. Alimwomba tu Waruguru amnakilie namba iliyoandikwa ubavuni mwa gari.

Kuanzia hapo, kila Alhamisi, siku ya soko, aliuza maziwa na kwenda kwa simu. Siku ya kwanza alitaka kusema, akaogopa amri ya mumewe. Kisha akafikiri kwamba mzee amekataza kutaja jina lako, hajakataza kusikiliza. Kwa hivyo alisikiliza. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ulidhani unamtuliza mtu anayekata roho, kumbe ulikuwa unamlea mama yako kwa habari. Alijua kila kitu! Alijua jino, alijua malaria, alijua kwamba Mumo hali maharagwe. Kwa kila habari alishona kikuku cha shanga, akikisia mkono wa mjukuu umefika wapi. Na uliponyamaza wewe, nikaanza kuitika mimi na ukali wangu, alidhani umekufa, na hakuwa na njia ya kuuliza bila kukutaja.

Basi jibu lako ndilo hilo. Hakuna mtu tuliyemwacha afe. Nilitaka kukuandikia usiku uleule, yeyo akanizuia. Alisema atazungumza kwanza na mzee, halafu atakuja mwenyewe Illasit na vikuku vyake, na akaniomba nisimnyang'anye habari yake. Nikakubali. Nilitembea na siri hiyo kama mtu aliyeficha zawadi chini ya kitanda, nikiimba kazini mpaka watu wakauliza kama nimepata mchumba.

Lakini.

Nakuandikia neno hilo, na wewe unajua maana yake. Alhamisi ya mwisho wa Aprili, Waruguru alipiga akasema yeyo ameanguka dukani, ameshika kifua, na mkono mwingine bado umeshika simu. Nilimtuma Parsaoti. Alikimbia, wifi, alikimbia kama anamfuata mama yake mwenyewe, na barabara ile unaijua. Walipokuwa wanarudi aliniita kwa redio akasema yeyo anapoteza nguvu na anamwomba yule wa salamu. Nikamwambia amsogezee redio mdomoni.

Hapa ndipo ninapotaka msamaha wako. Nilimwamkia kwa maneno yako. Takwenya, yeyo. Kimaasai changu ni hicho tu, na redio ile hufanya sauti zote kuwa moja. Akaitikia iko. Aliitikia mara nyingi, moja baada ya nyingine, nadhani alikuwa analipa zile salamu zote ambazo hakuziitikia. Akauliza mtoto. Nikamwambia Mumo ni mzima, amekua, anamngoja bibi yake. Hakuuliza mimi ni nani, na mimi sikumwambia. Hawakufika hospitali. Kama nimekuibia kilichokuwa chako, wifi, nitakulipa nikijua jinsi. Ila nilishindwa kumwacha aende bila mtu wa kumsalimu.

Desturi ya kwenu, na ya kwetu pia, ni kwamba habari kama hii haiandikwi, hutumwa mtu. Nimetuma mtu na maandishi, kwa sababu Parsaoti alisema ulimi wake hautaweza. Alikuwepo walipomzika. Lia, wifi. Mwache Mumo akuone ukilia, na umwambie ni kwa ajili ya nani.

Kuna jambo la mwisho. Alhamisi hii iliyopita, jua la utosi, simu ya mezani ililia. Nilipoinua hakuna aliyesema. Kengele za mbuzi, punda, na pumzi ya mtu. Nikajikuta natamka takwenya yeyo kabla ya kufikiri. Sauti ya mwanamume mzee ikasema yeye si yeyo. Akauliza yule wa salamu yuko wapi.

Nilijua ni nani, na sitakuficha, nilipandwa na hasira. Nikamwambia waliosalimu watu hapa ni wengi, kama anamtafuta mmoja wao amtaje. Nilisikia Waruguru akimwambia muda unakwisha. Nilikuwa na haki ya kukata, lakini nikakukumbuka wewe na ile simu uliyoninyang'anya, nikangoja.

Akakutaja. Alisema, Soipan. Akarudia kwa sauti, mbele ya watu wote wa dukani, Soipan yuko wapi.

Nikamwambia uko Illasit, u hai. Akasema Alhamisi ijayo ataketi pale pale kando ya simu, na hatapiga kwanza, atangoja mtu aje kwa miguu yake.

Mkubwa wetu ameruhusu gari, na mafuta hajayataja. Parsaoti atakubeba wewe na Mumo hadi Oltepesi, na Mwololo pia kama ana ujasiri, naye anapaswa kuwa nao. Vikuku viko kwenye mfuko wa koti la Parsaoti. Vile vidogo havitamtosha Mumo tena, vichukue tu.

Mama anakusalimu na anakuombea. Nisalimie kaka yangu, na umbusu mtoto mashavu yote mawili. Nitakuwa mezani Alhamisi mchana, na simu ikinyamaza nitajua mmefika.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Mutheu