Boti ya Wagonjwa

Utende, Jumanne

Mwenyekiti wetu wa bodi ya wadhamini alimwazima shemeji yake boti ya wagonjwa ya taasisi yetu, apeleke watalii kuogelea kwenye matumbawe. Wakati huohuo Mwanaidi alikuwa kisiwani Juani na uchungu wa uzazi, hana usafiri. Akajifungulia ufukweni. Alhamdulillahi, wote wazima.

Leo kikaoni mwenyekiti akacheka. “Dada, si wako salama? Tusikuze mambo.”

“Sisi wadhamini tumekabidhiwa roho za watu,” nikamwambia. “Toa ufunguo wa boti.”

Wadhamini wengine wakainamisha macho, isipokuwa Mzee Shomari. “Mpe,” alisema.

Mwenyekiti akautoa. Tukakubaliana ukae kwa muuguzi wa zahanati, na boti isitoke bila idhini yake.

Mlangoni mwenyekiti akaninyooshea mkono, anatabasamu. Sikuupokea.