Sindano ya Skola

Skola wangu amepona, na shemeji Oresti nimempasua paji la uso kwa mchi.

Leo Jumatano, mvua haijakatika hapa kijijini tangu asubuhi. Taya limevimba. Naandika huku nalikanda kwa maji ya moto.

Jana mchana mtoto alishikwa na degedege. Macho juu, meno yamekazana, mwili unaruka hadi unanishinda kuushika. Baba yake yuko mjini Laela kuuza mahindi, kwa hiyo mwenye sauti nyumbani ni kaka yake, Oresti. Nikambeba nimpeleke zahanati, Oresti akaziba mlango. Yeye anaamini mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa hapo hapo, dawa yake ni moshi wa mavi ya tembo.

"Zahanati hawatozi watoto, shemeji," nikamwambia. "Serikali imesema."

"Cha bure ndicho kibaya, Mama Skola. Ingekuwa dawa wangeiuza."

Akamvuta mtoto mguu. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake. Akanitandika ngumi, jino likatoka, nikaanguka na Skola kifuani. Mchi ulikuwa kinuni. Sijui niliinukaje. Nilisikia tu mfupa ukilia.

Nikakimbia. Nani mwingine kijiji hiki angepanda mlima ule wa zahanati matopeni, mtoto mgongoni, mdomo unachuruzika damu? Shule niliishia darasa la nne, lakini miguu ninayo.

Muuguzi hakuniuliza pesa. Alimdunga, akampoza kwa kitambaa cha maji. Mara Oresti akaingia na panga, uso wote damu. Akamkuta Skola amefumbua macho, anamtazama.

Akalishusha panga.

"Liache nje hilo, baba, uje nikushone," muuguzi akasema.

Akashonwa, naye hakulipa hata senti. Akaomba na vidonge vya maumivu, tena akataka viongezwe.

Angekufa, ningemlilia? Jana nisingemlilia. Leo ningemlilia.

Balozi wetu wa nyumba kumi ametuita kwa shauri la ugomvi. Sitakana neno. Nitampeleka Skola atembee mbele yao kwa miguu yake, halafu wote waje kwangu kula. Nachinja jogoo, na firigisi ni ya Oresti, maana ndiye mkubwa wetu. Nimeshawaambia majirani, na baba Skola nimemtumia salamu kwa dereva wa lori: shauri na chakula ni Jumamosi, tukitoka kulima shamba la kijiji.