Kibukusu Kilikuwa cha Mwisho

Jumatatu, 6 Januari

Kitale baridi. Nimefungua saluni, nimechemsha maji, nimesuka vichwa viwili kabla ya chai. Malengo ya mwaka ni yale ya mwaka jana, nimeyahamisha tu. Leseni ya udereva. Diploma ya urembo. Saluni ya pili, kwenye mji wa Kwanza. Kibukusu. Kibukusu huwa cha mwisho. Nimeolewa na Wafula miaka hii yote na lugha ya kwao najua salamu tu. Aibu.

Alhamisi, 16 Januari

Mama mkwe ameanguka huko Bungoma. Kiharusi. Yuko hai.

Jumapili, 19 Januari

Tumetoka kumwona. Kiswahili kimemtoka chote, hata ukimsemesha hashiki. Amebaki na Kibukusu. Alinishika mkono akaongea, akangoja nijibu. Nikatabasamu kama mjinga.

Huyu ndiye aliyesimama siku ya harusi, watu wakinung'unika ati kijana ameokota Mkikuyu Kitale. Akasema, "Huyu ni binti yangu, nyamazeni." Sijawahi kumshukuru. Nilidhani muda upo.

Jumatatu, 20 Januari

Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilishika nne. Leseni ingoje. Diploma ingoje. Saluni ya pili pia ingoje. Nataka kumwambia Mama asante kwa lugha yake akiwa bado anasikia. Hilo tu.

Nambozo, msichana niliyemwajiri, kwao ni Lwakhakha, kwa Wabukusu wa mpakani na Uganda. Atanifundisha tukisuka.

Ijumaa, 7 Februari

Ulimi mgumu. Nambozo ni mkali, sikujua. Mteja ameuliza, "Si ufundishwe na bwanako?" Wafula hana subira. Tena sitaki ajue.

Shule ya udereva wamepiga simu. Mtihani ni tarehe 22, siku tunayoenda Bungoma. Nimekataa. Imeniuma, sitasema uongo.

Jumanne, 18 Februari

Wifi yangu Nekesa anasema Mama hali chakula vizuri. Anageukia ukuta tu. Naogopa nimechelewa. Nimerudia maneno yangu nikianika taulo.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeyasema. Mbele ya wote, nimepiga magoti kando ya kitanda.

Nekesa akacheka mpaka akashika mbavu. "Haiya, huyu anaongea kama watu wa Uganda!" Wafula naye, "Nani alikufundisha? Hiyo si yetu, bana." Kumbe Nambozo kwao ni Lwakhakha ya ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Lugha zinakaribiana, lakini hata mtoto hapa angejua tofauti. Mimi sikujua. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama akageuka kutoka ukutani. Alikuwa analia. Nekesa akaacha kucheka.

Nje, Wafula akanieleza polepole. Nyanya yake, aliyemzaa Mama, aliolewa kutoka ng'ambo hiyo. Aliongea hivyo hivyo mpaka akafa. Mama hajasikia mtu wa nyumbani akimsemesha hivyo tangu wamzike.

Wafula mwenyewe macho yalikuwa mekundu. Nampenda huyu mtu.

Jumapili, 23 Februari

Sijaenda kanisani. Nimemwosha Mama nywele kwa maji ya vuguvugu na kumsuka mistari minne, nyepesi, asiumie. Aliongea muda wote. Nusu sikuelewa. Nilijibu kwa maneno niliyonayo, ya ng'ambo, na hakuna aliyenirekebisha.

Alimaliza uji. Akaomba mwingine. Hakuna aliyenitafsiria. Niliinuka nikaenda jikoni.